Nianzie wapi kuwaimbisha watoto na wazazi wa avenyu yetu?

Swali limetoka kwa msomaji wa komini ya Katuba, Lubumbashi: «Niko na miaka 26, ninaimba alto katika kwaya ya parokia tangu utoto. Wamama wa avenyu wananiomba niwakusanye watoto kila Jumamosi niwafundishe nyimbo na ngoma, na wazazi wengine wanabaki kuimba pamoja nasi. Tunafika watu 35 hivi. Solfeji, yaani kusoma noti, sijasoma. Shida ni hii: nikianzisha wimbo, watoto wadogo wanaongea badala ya kuimba, na wababa wananyamaza. Nataka kuijua vizuri kazi ya kuongoza muziki wa watu wote, si wa kwaya peke yake. Kuna shule gani? Nianzie wapi? Na je, niwatoze wazazi?»

Dada, tuanzie kwenye hiyo shida yako, maana ndiyo inayoonyesha ni elimu gani unaihitaji kwanza.

Wewe ni alto, sauti ya chini ya wanawake. Ukianzisha wimbo bila kipimo, koo lako linachagua mahali linapostarehe, na kwa maalto wengi mahali hapo ni sol au la iliyo chini ya do ya katikati ya kinanda, yaani hezi (mitetemo kwa sekunde) 196 hadi 220. Mtoto wa miaka saba hana noti hizo. Sauti yake ya kuimba inaanzia do ya katikati (262) au re inayofuata (294). Chini ya hapo anabaki na sauti ya kuongea tu, ndiyo hiyo unayoisikia. Wababa nao: mwanaume akiimba pamoja na mwanamke hushuka oktava moja, yaani hadi noti ya jina lilelile iliyo chini, bila hata kufikiri. Akishuka kutoka sol yako anaangukia hezi 98, chini mno kwa wengi. Akisema akufuate palepale ulipo, wimbo unaopanda oktava nzima utamfikisha sol ya 392, na huko wanabaki matenor, wanaume wa sauti ya juu, peke yao. Hana pa kusimama, basi anafunga mdomo. Watu husema wababa wana aibu, au wana kiburi. Kabla ya kuwahukumu, pandisha wimbo.

Kipimo cha wimbo wa watu wote ni re hadi re: re ya 294 iwe noti ya chini kabisa, re ya 587 iwe ya juu kabisa. Wamama wanaimba humo bila kukaza shingo, watoto kuanzia miaka minane wanaufikia upana wote, na wababa wakishuka oktava wanapata 147 hadi 294, ambako wanaume wa basi (sauti ya chini) na wa tenor wote wanatosha. Kwa wadogo wa miaka mitano na sita, chagua nyimbo zisizotoka nje ya re hadi la, noti tano tu. Wavulana wa miaka 12 hadi 15 ambao sauti inavunjika usiwanyamazishe, na usiwacheke hata kidogo. Watungie mstari wao wenye noti nne au tano za katikati, unaorudiwarudiwa, au wape ngoma huku wakiimba kiitikio. Mvulana aliyenyamazishwa akiwa na miaka 13 harudi kirahisi.

Kwa hiyo kazi ya nyumbani kabla ya kila Jumamosi ni kuchunguza wimbo: noti yake ya chini ni ipi, ya juu ni ipi, na noti ya kuanzia iko umbali gani kutoka hizo mbili. Kisha unaiandika kwenye daftari: «huu, kuanzia fa». Siku yenyewe unatumia diapazoni, ile ya chuma inayotoa la ya 440. Igonge kwenye goti, si kwenye meza wala ukutani, kwa kuwa ikipinda kidogo tu inadanganya maisha yake yote. Weka mpini wake kwenye mfupa ulio nyuma ya sikio, vuma noti ya la kimoyomoyo, kisha shuka ngazi: la, sol, fa, umefika fa. Ukitaka re, shuka la, sol, fa, mi, re. Ukiwa huna diapazoni, programu ya simu ya kupimia sauti ya nyuzi za gitaa inafanya kazi hiyohiyo, mradi chaji isiishe siku umeme umekatwa. Baada ya miezi michache ya kushuka hivyo kila siku, sikio linaanza kukumbuka la lenyewe, si kamili lakini karibu.

Kitu cha pili kinachowapotezea watu wako mwanzo ni pumzi. Waimbishaji wengi wanahesabu «moja, mbili, tatu» kwa mwendo mmoja halafu wanaimba kwa mwendo mwingine, na mstari wa kwanza unakuwa vurugu. Chagua mwendo kwa kuimba kichwani ule mstari wenye maneno mengi na ya haraka kuliko yote. Ukishaupata, inua mkono pigo moja kabla ya neno la kwanza na uvute pumzi kwa kuonekana, mdomo wazi, ukiwatazama. Watavuta pumzi pamoja nawe na kuingia pamoja nawe. Kusimamisha nako kuna ishara yake: vidole vinafunga, ngumi inakaa. Zoezeni kuanza na kusimama mara tano sita kwa silabi moja tu kabla hamjagusa wimbo. Watoto wanalipenda zoezi hili kwa sababu wanataka kukukamata umekosea, na hapo wanajifunza kukutazama.

Kufundisha wimbo kwa sikio kuna taratibu ambayo watu huikata kwa haraka. Imba wimbo mzima, mara mbili, wao wakisikiliza tu. Kisha kipande kwa kipande, kila kipande kisizidi pumzi moja, kama sekunde tano. Wewe unaimba, wao wanarudisha, na wanaporudisha wewe nyamaza. Hili ndilo gumu kuliko yote kwa mtu wa kwaya, kwa sababu koo limezoea kusaidia. Ukiimba pamoja nao unasikia sauti yako, husikii kosa lao. Kosa likirudi mara mbili, usirudie wimbo mzima. Chukua noti tatu zinazotangulia kosa na noti yenyewe, ziimbwe polepole, kisha zirudishwe mahali pake. Ukiacha kosa lirudiwe mara kumi, umelifundisha.

Usiwe na haraka ya sauti nne. Najua katika kwaya zetu wimbo usio na soprano, alto, tenor na basi unaonekana haujavaa. Kundi la avenyu lianze na noti moja ya chini inayovumishwa na wababa huku wengine wakiimba wimbo; halafu mstari mfupi unaorudiwa chini ya wimbo; halafu kanoni ya makundi mawili, la pili likianza wimbo uleule nyuma ya la kwanza. Watu wakianza wenyewe kuongeza sauti ya tatu juu au chini, kama wanavyofanya kwenye matanga na harusi, waache. Wanajua wanachofanya.

Midundo. Kundi lolote la Lubumbashi lina miguu inayojua zaidi ya kichwa, kwa hiyo anza na miguu. Chukua mzunguko wa mapigo 12, miguu ikipiga la 1, la 4, la 7 na la 10. Juu yake makofi matano: la 1, la 3, la 5, la 8 na la 10. Mpangilio huu wa makofi, pamoja na ndugu yake wenye mapigo saba, unasikika toka Afrika Magharibi hadi kwa Wabemba. Kuufundisha kwa kuhesabu ni kupoteza mchana. Tumia maneno: «ngoma, ngoma, karibu, ngoma, karibu». Hizo ni silabi 12, na kofi linapigwa kwenye silabi ya kwanza ya kila neno. Sema kwa usawa bila kukaza «ri» ya karibu, la sivyo kofi litahama. Miguu na makofi vinakutana kwenye «ngo» ya kwanza na kwenye «ka» ya mwisho. Mtu aliyepotea asubiri mojawapo kisha aingie tena.

Utasikia kundi linakimbia. Mara nyingi wanaokimbiza ni wapiga makofi, kwa sababu wanafupisha yale mapengo marefu ya «karibu», pengo la mapigo matatu linakuwa la mawili. Ukisema kwa nguvu «polepole!» watapiga kwa sauti ndogo ila kwa mbio zilezile. Rudisha maneno midomoni, toa makofi kabisa, miguu ibaki, kisha ongeza makofi ya watu watano tu. Kama una mpiga ngoma mmoja mwenye mwendo thabiti, mpe pigo la miguu, usimpe mapambo, hata akinung'unika.

Vyombo ndivyo vinavyowashinda wengi, kwa kuwa ngoma moja na gitaa moja haziwatoshi watu 35. Kuna suluhisho la bei ndogo: mabomba ya PVC ya milimita 50, yale ya maji machafu, yaliyozibwa upande mmoja kwa kifuniko chake, unayagongesha chini kwa upande uliozibwa. Urefu wa hewa ndani ya bomba lililozibwa upande mmoja ni mwendo wa sauti, mita 345 kwa sekunde kwenye joto la nyuzi 24 hivi, ugawanywe kwa hezi mara nne; kisha unapunguza sentimita 1.4 kwa ajili ya mdomo wa bomba. Kwa noti zinazoanzia do ya hezi 131, oktava moja chini ya do ya katikati, mahesabu yanatoa: do 64.5 cm, re 57.4, mi 50.9, sol 42.6, la 37.8, kupimwa ndani, kutoka kifuniko hadi mdomo. Bomba la mita 6 linatoa seti mbili. Kata kila kipande kizidi sentimita moja, sikiliza kwa diapazoni au programu ya simu, kisha punguza kidogo kidogo kwa msasa. Ukishakata zaidi hurudishi, na kwenye bomba la noti ya la, sentimita moja tu inapandisha karibu nusu ya nusu toni (nusu toni ni hatua ndogo kabisa kati ya noti mbili za kinanda). Kifuniko kikivuja hewa sauti inakufa, kwa hiyo gundi ipakwe mzunguko mzima. Usigongeshe kwenye saruji tupu, kifuniko kitapasuka. Weka kipande cha tairi au soli ya ndala chini.

Fa na si nimeziacha makusudi. Noti tano za do, re, mi, sol, la hazina nusu toni kati yao, hivyo mtoto mpya anayefika Jumamosi ya kwanza anaweza kugonga bomba lake popote na hakuna kitakachokwaruza. Mwezi wa sita na wa saba, asubuhi zikiwa na baridi, mabomba yatashuka kidogo yote kwa pamoja, kwa sababu sauti husafiri polepole zaidi kwenye hewa baridi. Kati yao yataelewana. Gitaa ndilo lifuate mabomba, si mabomba yafuate gitaa.

Ngozi ya ngoma ina tabia ya kinyume na mbao: masika inalegea, kiangazi inakaza hadi kuchanika. Masika iote jua au moto kwa mbali, urefu wa mkono mzima kutoka kwenye makaa, ukiizungusha. Kiangazi usiiache juani baada ya mazoezi. Na kwa kuwa tuko kwenye majira: mvua ikipiga mabati hakuna sauti ya mtoto inayosikika, na kulazimisha ni kuwapasua koo. Kuanzia Novemba hadi Machi uwe na somo la akiba lisilohitaji sauti, kama midundo ya mwili, ishara za kuanza na kusimama, au maneno ya wimbo mpya kwa midomo tu. Mwezi wa nane na wa tisa adui ni vumbi. Mwaga maji kwenye uwanja wa parseli kabla watu hawajafika. Mkiwa nje, wasimamishe nusu duara, ukuta ukiwa mgongoni mwao. Bila ukuta sauti inaondoka na upepo, nao wanapiga kelele ili wajisikie.

Sasa shule. Institut National des Arts ya Kinshasa inafundisha muziki ngazi ya juu, lakini ni zaidi ya kilomita 1,500 kutoka kwenu na lengo lake kubwa ni mwanamuziki. Kazi unayoitaja ina wasomi wake: chama cha kimataifa cha elimu ya muziki, ISME, kilichoanzishwa mwaka 1953, kina tume yake ya muziki wa jamii, na Chuo Kikuu cha York, Uingereza, kimekuwa na shahada ya uzamili ya fani hii. Karibu zaidi na sisi, shirika la Musicians Without Borders la Uholanzi, lililoanza mwaka 1999, limefundisha vijana waimbishaji Rwanda. Kanuni zake tano ni usalama, ujumuishi, usawa, ubunifu na ubora. Zingatia kwamba ubora umo. Baadhi ya watu hudhani muziki wa wote ni muziki wa hovyo.

Hata hivyo, hakuna hata moja kati ya hizo unayoihitaji mwaka huu. Unahitaji kuimbisha kidogo kidogo, mara nyingi, mbele ya mtu anayejua. Miezi miwili ya kwanza, tafuta watu wawili wa kuwatazama: maestro mmoja wa kwaya, na mtu mmoja anayejua kushika umati usiochaguliwa, kama mwalimu wa shule ya msingi au wapiga karindula wa mitaani. Hawa wa mwisho msiwadharau kwa sababu ya yale maneno yao makali. Mtu anayeshika barabara nzima kwa banjo la pipa, ngozi ya mbuzi na nyuzi nne ana elimu ambayo maestro wengi hawana: anajua lini kundi limechoka kabla lenyewe halijajua. Kwenye daftari usiandike nyimbo zao. Andika zimepita sekunde ngapi tangu anyanyue mkono mpaka watu wameimba, anasema sentensi ngapi kati ya wimbo na wimbo, na anafanya nini jambo likiharibika.

Miezi miwili inayofuata, mwombe maestro akupe dakika kumi katika mazoezi yake: kupasha sauti na kufundisha ubeti mmoja, basi. Yeye anakaa nyuma. Mkimaliza, wewe unasema kwanza ulichokiona, kisha yeye anakutajia jambo moja la kubakiza na moja la kubadili. Akikupa orodha ya makosa tisa, utashika la mwisho tu. Baada ya hapo ndipo mtazamaji anakuja kwako Jumamosi, saa moja nzima: dakika nane za mwili na sauti, dakika kumi na tano za midundo, ishirini za wimbo mpya, zinazobaki kwa nyimbo wanazozipenda. Acha simu irekodi, na jioni hesabu dakika ulizoongea. Zikizidi robo ya saa, umewaketisha darasani.

Solfeji ijifunze sambamba, robo saa kwa siku, ila ujue kuna mifumo miwili jijini na inagombana. Katika solfeji ya Kifaransa, inayotumika sana parokiani, do ni noti ileile siku zote. Katika sol-fa ya makwaya mengi ya Kiprotestanti, iliyoenezwa na Mwingereza John Curwen katika karne ya 19, do ni nyumbani kwa wimbo, popote wimbo unapoanzia. Katuba watoto wako watatoka pande zote mbili, na mmoja akiimba do mahali mwenzake anaimba fa wote wako sawa. Kwa kulea sikio la kundi tumia do inayohama. Kwa kuongea na mpiga gitaa au kinanda tumia majina yasiyohama. Waambie watu mapema unatumia ipi.

Kuhusu watoto, mambo machache yasiyo na mjadala: watu wazima wawili wawepo kila wakati, mmoja kwa kila watoto kumi hadi kumi na wawili, hakuna mtoto anayefundishwa peke yake kwenye nyumba iliyofungwa, picha na video ni kwa ruhusa ya mzazi, na shefu wa avenyu ajue siku, saa na mahali.

Ulichouliza mwisho, pesa. Ada ndogo si dhambi, lakini mtoto asiyelipa asirudishwe mlangoni, maana akirudishwa hilo ni darasa la kulipia, na wamama hawakukuomba darasa la kulipia. Afadhali mchango wa mwezi unaoshikwa na mama mmoja asiyekuwa wewe, ukiandikwa kwenye daftari ambalo mzazi yeyote anaweza kulifungua, na gharama za kwanza ziwe mabomba, ngozi na maji ya kunywa. Nauli yako na saa zako mjadiliane wazi mwanzoni. Usisubiri mpaka umechoka. Siku mkitaka akaunti ya benki au msaada wa shirika, mtahitaji kuwa asbl, chama kisichotafuta faida, chini ya Sheria namba 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001, na utu wa kisheria unatolewa na Waziri wa Sheria baada ya maoni ya wizara inayohusika na shughuli zenu. Na mkifanya tamasha la tiketi kwa nyimbo za watunzi wengine, pitieni kwanza SOCODA, shirika la Kongo la haki za watunzi, ili muulize haki za watunzi kabla mabango hayajabandikwa.